Mwisho Ulioliwa na Deki

Mimi nauza mapazia Kariakoo, na muuza mapazia wa Kariakoo hatoi hela bila kubishana. Kwa hiyo yule mama wa Mchikichini aliponitajia bei ya ile diski nami nikampa palepale, bila hata kusema "punguza basi, mama", aliiinua noti yangu juani akaigeuza mara mbili. Nikamwambia, mama, hiyo noti nzima, nipe kitu changu niondoke kabla sijazimia hapa.

Nilikuwa nimeenda kutafuta viatu. Yule mama anauza mchanganyiko: midoli, vitabu vya watoto wa Ulaya, sahani zisizofanana, na boksi moja la diski za muvi ambazo siku hizi hakuna anayezigusa, maana kila mtu anaingiziwa muvi kwenye flashi au anaangalia kwenye simu. Niliinamia lile boksi kwa kupoteza muda tu, wakati muuza viatu wa jirani ananitafutia mguu wa pili. Nikaona kasha jeusi na jeupe: ngazi ndefu, saa kubwa ya kusimama, na mwanamume mwenye kofia amenyoosha kidole. Pembeni imeandikwa kwa Kiingereza kwamba filamu imesafishwa upya, picha na sauti. Jamani! Filamu ile ndiyo iliyonilea mimi. Na filamu ile ile ndiyo iliyomkosanisha baba yangu na rafiki yake mkubwa.

Mguu wa pili wa kiatu sikuusubiri.

Baba alikuwa kinyozi Magomeni. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilikuwa saluni: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, na juu ya kabati televisheni na deki ya mikanda. Wakati ule, mtaani kwetu, deki ilikuwa kitu cha watu kuja kukitazama hata kikiwa kimezimwa. Mikanda tulikuwa nayo mitatu. Miwili ilikuwa ya karate. Wa tatu baba aliachiwa na mteja wake mmoja wa Posta aliyekuwa anahama nchi: filamu ya zamani ya upelelezi, nyeusi na nyeupe, maneno yote Kiingereza, na mvua tangu mwanzo mpaka mwisho, mpaka ndani ya nyumba ilikuwa inanyesha.

Jumapili mchana, baba akishamaliza vichwa vya watu, mikeka inatandikwa, watu wanajaa mpaka kibarazani, naye anasimama kando ya televisheni na kitana mkononi, anatafsiri. Wa rika langu wanajua habari za watafsiri wa muvi. Mzungu anaongea yake, wewe unamsikiliza mtafsiri. Baba alianza siku zote kwa maneno yale yale: "Haya tulieni, Ulaya mvua inanyesha, na kuna mtu leo hafiki kesho." Basi hata watoto wachanga wananyamaza.

Kiingereza alikuwa hajui. Nasema hivyo kwa mapenzi yote. Alijua maneno mawili matatu ya kunyolea Wazungu, yaliyobaki alitia mwenyewe. Mpelelezi akiwasha kiko, baba anasema, "Hapo anawaza nyumbani wamepika nini." Mpelelezi alipewa mama mkwe Buguruni asiyempenda. Dereva wa jumba la mauaji alipewa wake wawili. Kulikuwa na bibi mmoja, dada wa marehemu, anayepita kila saa na trei ya chai. Huyo baba alimpenda kupita kiasi, akamfanya mcha Mungu anayelea yatima. "Mama wa watu huyo," alikuwa akisema, "mwacheni na chai yake."

Shida ilikuwa mwisho. Deki ilikuwa imeula mkanda. Mpelelezi anawakusanya watu wote chini ya ngazi, anapita mbele yao taratibu, ananyoosha kidole, anafungua mdomo, na hapo hapo chenga. Televisheni nzima chenga tupu, shhhh. Baba hakuyumba hata kidogo. Alizitafsiri zile chenga! Yeye ndiye aliyemtaja muuaji, na muuaji alibadilika kila wiki kulingana na mambo ya mtaa. Kukiwa na mwanamume anayempiga mkewe, Jumapili ile muuaji ni dereva, na kumbe alikuwa anawapiga wake zake wote wawili. Mtu akimwaga maji machafu mlangoni kwa jirani, muuaji ni mpishi, na ushahidi ni maji machafu. Watu walikuja kwa ajili hiyo. Walikuja kusikia wiki hii nani kasemwa, na wengine walikaa karibu na mlango ili wakisemwa wao watoke haraka.

Rafiki yake mkubwa alikuwa fundi saa, mwenye kimeza chake Kariakoo. Yeye mtu wa Kilimanjaro na Mkristo, sisi watu wa Lindi na Waislamu, na hilo halikuwa hoja hata siku moja. Desemba akienda kwao Moshi, baba alikuwa hana raha mpaka arudi na mkungu wa ndizi. Mimi nilimwita baba mdogo. Binti yake, aliyekuwa mdogo kwangu kwa miaka kama mitano, alimwita baba yangu baba mkubwa. Na baba mdogo alisoma shule ya misheni. Kiingereza alikuwa anakijua.

Hapo ndipo balaa lilipoingilia. Jumapili moja mpelelezi kasema maneno marefu, baba akatafsiri: "Anasema hajala tangu jana." Kutoka mkekani, taratibu kabisa, fundi saa akasema, "Hakusema hivyo."

Chumba kizima kikamgeukia. Baba akauliza, haya kasemaje? "Amesema dirisha lilifunguliwa kutoka ndani." Watu wakacheka, na si kile kicheko cha kila siku. Walimcheka baba. Haikupita muda, tena: "Hakusema hivyo." Na tena. Sidhani baba mdogo alikuwa na ubaya. Alikuwa mtu wa saa, kitu kikipotea dakika moja hawezi kukiacha kama kilivyo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mbele, nikamwona baba anavyokibana kile kitana mpaka jino moja likakatika.

Wiki nzima baba hakuongea vizuri na mtu. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba leo atasema mwisho wa kweli. Eti yeye aliuona kabla deki haijaula, na alikuwa ameuficha tu ili watu waendelee kuja. Sasa, ndani ya filamu kuna fundi saa, kijitu kinachokuja mara moja kurekebisha ile saa kubwa, na kioo chake jichoni. Hana hata maneno kumi. Chenga zilipoingia, baba akanyoosha kitana juu.

"Muuaji ni fundi saa! Anaingia majumba ya watu na kisanduku chake, anajifanya msomi, kila kitu anajua yeye, kumbe!"

Chumba kililipuka. Watu wakapiga kelele, "Muuaji si huyu hapa!" wakimwonyesha baba mdogo aliyekaa mkekani na soda mkononi. Mwanzo alitabasamu. Alidhani ni utani kama utani mwingine. Kisha akamtazama baba, akaona baba hacheki. Akaiweka soda chini, akamshika binti yake mkono, wakatoka.

Jina likaganda. Mnaujua mji huu. Ukipewa jina Jumapili Magomeni, Jumatatu asubuhi limeshafika Kariakoo kabla yako. "Saa yako umeipeleka wapi?" "Kwa Muuaji." Kazi haikupungua, pengine ilizidi. Na yeye mwenyewe angevumilia. Aliyeumia ni yule mtoto. Alikuwa darasa la tatu, na darasa zima wakawa wanamwita mtoto wa muuaji. Hawakai naye dawati moja, hawali naye, hawachezi naye. Akawa anarudi analia, mwisho akagoma kabisa kwenda shule.

Baba mdogo akaja mlangoni kwetu. Nilikuwepo, naosha vyombo uani, nikasikia kila neno. "Waambie watu umetunga," alisema. "Mara moja tu, Jumapili, mbele yao. Sitaki kingine." Baba akajibu, "Nitasemaje nimetunga kitu nilichokiona kwa macho yangu? Wallahi niliuona." Baba mdogo akasema, "Haya," akaondoka. Mwezi haukuisha wakahama Magomeni, na wale wawili hawakusemezana tena kwa miaka thelathini.

Mimi nilimwamini baba. Nataka hilo lieleweke, maana ndilo lililonitia kiherehere. Nilijua anatunga, nani asiyejua? Lakini kuapa? Baba aliyekuwa akitukataza kuapa hata kwa kitu cha kweli? Haiwezekani. Kwa hiyo miaka yote nilijua baba alisema kweli ila alisema vibaya, na baba mdogo alikasirika kwa haki ila alikasirikia kitu cha kweli. Nilikuwa nimeshawapatanisha kichwani mwangu, imebaki ushahidi tu.

Macho ya baba yalikwenda na presha ya macho, polepole. Alianza kunyoa watu mshazari, wakawa wanaona aibu kumwambia, wanaenda kumaliziwa kwa kinyozi wa mtaa wa pili. Sasa haoni kabisa. Anakaa kule kule Magomeni, redio mapajani, nami naishi naye. Mara mbili tatu kwa mwaka, bila sababu yoyote, anauliza: "Yule fundi mzima?" Namjibu, mzima. "Anajua kukasirika yule," anasema, halafu anabadilisha stesheni.

Ni kweli nilikuwa najua kama mzima, kwa sababu duka langu na kimeza chake ni mitaa miwili tu. Kila asubuhi, shikamoo baba mdogo, marahaba mwanangu, na habari ya baba haulizi. Na wiki ile ile niliyoipata diski alikuwa ameniaga. Vidole vimeanza kutetemeka, saa ndogo hazishikiki tena. Anarudi kwao Moshi moja kwa moja. Binti yake ni nesi huko, ameshamtengenezea chumba. Mwisho wa mwezi anaondoka. Nilipotoka Mchikichini na ile diski kwapani nilikuwa najua kitu kimoja: wasipokaa pamoja sasa, hawakai tena, maana mmoja haoni na mwingine hatarudi Bongo.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kimeza. Nikaiweka diski juu ya kioo, juu ya saa zake. Alikitoa kile kioo cha jichoni taratibu, akaitazama muda mrefu.

"Mwisho upo?" akauliza.

"Upo, baba mdogo. Wameisafisha yote."

"Baba yako anasemaje?"

"Bado hajui. Njoo Jumapili. Tuangalie wote, yaishe."

Akakisugua kile kioo kwa shati. "Nitakuja baada ya misa," alisema. "Kama ni fundi saa, nitampa mkono na nitamwomba radhi, maana nitakuwa nimemnunia mtu mkweli. Kama siye, nataka aseme kwa mdomo wake. Siyo kwangu. Mimi nimeshazeeka na hilo jina. Kwa mwanangu."

Nikasema sawa. Nilisema sawa huku nacheka, yaani mimi!

Jioni nikamwambia baba. "Nimeipata ile muvi ya mvua." Akazima redio. Nikamwambia imesafishwa, na mwisho upo, na fundi anakuja Jumapili. Nilitegemea apige makofi. Badala yake akauliza, "Nani aliwatuma waisafishe?"

Nilidhani furaha imemzidi. Siku zilizofuata nikawa natafuta deki ya diski, maana yetu ilikufa zamani. Jirani yangu, mama mmoja mwenye maneno mengi kuliko mimi, na hiyo si kazi ndogo, alikuwa nayo, imefunikwa kitambaa cha kufuma tangu sijui lini. Akakubali kuniazima kwa sharti kwamba yeye mwenyewe aje aikalie karibu. Jumapili asubuhi baba akasema tumbo linamsumbua. Saa nne akasema kichwa. Saa sita akasema umeme utakatika, anausikia kwenye redio unavyoyumba. Nikamwambia, baba, umeme upo, tumbo nimeliwekea mto, tulia, leo ni siku yako.

Baba mdogo alifika na shati la misa, kola imefungwa mpaka juu. "Shikamoo kaka," alisema kutoka mlangoni, na sauti yake ilikuwa kavu. "Marahaba," baba akajibu, akageuza uso kule sauti ilikotoka. Nilimkalisha fundi kwenye kiti karibu na baba, jirani akakaa na deki yake, nikawasha.

Jamani, sikuijua ile filamu. Kila kitu kilikuwa kinaonekana! Vifungo vya koti, jasho la mpishi, nywele za masikioni za mpelelezi. Lile zimwi jeupe dirishani lililokuwa likituogopesha utotoni kumbe lilikuwa pazia, pazia zuri la kitambaa chepesi chenye maua, na ndani yake pazia zito la mahameli, limeshonwa kwa mikunjo ambayo mimi mteja akiitaka namwambia arudi baada ya wiki mbili. Na mvua hakuna. Ile mvua yetu ya mwanzo mpaka mwisho ilikuwa mikwaruzo ya filamu. Ulaya kulikuwa na jua kali, watu wanatembea bustanini.

"Haya tulieni," baba akasema gizani mwake, kwa sauti ndogo, "Ulaya mvua inanyesha."

Baba mdogo alifumbua mdomo. Niliyajua maneno mawili yatakayofuata, maana hata mimi nilikuwa nayo mdomoni. Kisha akaufumba, akaendelea kutazama lile jua.

Mtu wa kutafsiri alitakiwa, maana baba haoni na jirani Kiingereza hajui. Nikajaribu mimi, nikawa nakwama kila sentensi ya pili. Basi baba mdogo akachukua, bila kuombwa. Alitafsiri kama anavyotengeneza saa, kila neno mahali pake. "Anasema marehemu alikula saa mbili kamili. Anasema dirisha lilifunguliwa kutoka ndani." Baba akavumilia kama dakika kumi. "Mbona halina chumvi?" akanung'unika. Mpelelezi akatoa kiko. Nikasema kwa sauti, ili baba ajue, "Anawasha kiko." Na baba, kama aliyechomwa sindano, "Hapo anawaza nyumbani wamepika nini." Baba mdogo akaguna. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, na alikuwa anajitahidi asicheke, na kola ile imembana mpaka akaifungua kifungo kimoja.

Tangu hapo wakawa wawili. Mmoja anasema kilichosemwa, mwingine anatia chumvi. Mama mkwe wa Buguruni akarudi. Nilitamani isiishe, nasema kweli, niliwapenda wale wazee siku ile.

Mpelelezi akawakusanya watu chini ya ngazi. Baba akaacha kuongea. Nilimtazama, mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya magoti, na hapo ndipo mimi, mwenye akili zangu timamu za kuuza mapazia miaka ishirini, nilipoelewa. Kichwa, tumbo, umeme. Hakuwahi kuuona ule mwisho. Alikuwa anaogopa. Na mimi ndiye niliyekwenda kumletea.

Mpelelezi akapita mbele ya dereva. Akapita mbele ya mpishi. Akampita fundi saa bila hata kumtazama. Akanyoosha kidole, na mahali ambapo maisha yangu yote kulikuwa na chenga, safari hii kulikuwa na uso wa mtu. Yule bibi wa chai. Akaiweka trei mezani, akaanza kulia na kukiri yote kwa sauti ya juu.

Jirani akavuta pumzi kupiga yowe. Baba mdogo akamwinulia mkono anyamaze. Akakitazama kile kioo cha televisheni, akamtazama baba na ile mikono yake, na akatafsiri.

"Ni fundi saa," alisema. "Amemnyooshea fundi saa. Ulisema kweli, kaka."

Yule bibi alikuwa anaendelea kulia. Baba aliinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Hakusema hivyo," akasema.

"Amesema. Fundi saa anakiri."

"Ni sauti ya mwanamke hiyo. Yamekwenda macho tu, masikio ninayo."

"Ni mke wake huyo," baba mdogo akasema haraka. "Anamlilia mumewe."

"Mke katokea wapi? Muvi nzima hana mke!"

"Wewe ulimpa dereva wawili, mimi nisimpe fundi mwenzangu mmoja?"

Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongoni, na katikati kile kicheko kikageuka kilio, cha wazi, cha mtu mzima, bila kujificha. Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa baba mdogo.

"Sikuuona ule mwisho," alisema. "Hata siku moja. Mkanda nilipewa umeshaliwa. Ulinifanya nichekwe mbele ya watu wangu, nikakulipizia, halafu nikaapa, halafu nikashindwa kurudi nyuma. Nimemkosea Mungu na nimekukosea wewe. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilikuja hapa kuyasikia hayo," baba mdogo alisema. "Nimeyasubiri. Nilipomwona yule bibi nikajua nimeshinda. Halafu nikaangalia mikono yako, nikaona ushindi wenyewe siutaki."

Baba hakumwachia. "Mpigie mtoto," akasema.

Basi baba mdogo akatoa simu, akaweka spika. Iliita muda mrefu. Sauti ya mwanamke mzima ikajibu, nyuma yake wodi, vyombo vinagongana. Baba mdogo akasema, mwanangu, kuna mtu anataka kuongea nawe, akaishikilia simu karibu na mdomo wa baba.

"Mwanangu, mimi baba yako mkubwa wa Magomeni. Kinyozi." Baba akaisogelea simu. "Nakupigia kukwambia baba yako hakuua mtu. Nilimsingizia. Muuaji alikuwa bibi wa chai."

Kisha tukasikia mlango unafungwa, na zile kelele za wodi zikaisha.

"Shikamoo baba mkubwa," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. Nesi wa watu, mama wa watoto wake, alikuwa anaongea kama yule wa darasa la tatu. "Mimi nilijua. Niliwaambia wote kwamba baba hajaua mtu. Hakuna aliyeniamini."

"Mimi nakuamini," baba akasema. "Mimi nakuamini, mwanangu."